Amin alipodai Kitale na Bungoma ni za Uganda: hivi ndivyo Kenya ilimkaba

Wasee wa Kitale na Bungoma, kuna wakati mlikuwa karibu mjipate Uganda bila kuvuka Suam wala Lwakhakha. Februari 1976, Idi Amin alidai magharibi yote ya Kenya, hadi kama kilomita 32 kutoka Nairobi, ilikuwa ya Uganda.

Na hakuwa ameota tu. Mwaka wa 1902 Waingereza walikata kipande kikubwa cha Uganda, hadi Naivasha, wakakipatia upande wa Kenya. Lakini Julai 1964, huko Cairo, nchi za OAU zilikubaliana kila nchi ibaki na mipaka iliyopata siku ya uhuru. Ramani ya Amin ilikuwa karatasi ya kufungia maandazi.

Shida ni kuwa karatasi haimtishi buda mwenye ndege za MiG na jeshi kubwa kuliko lako. Mzee Kenyatta alikataa kutoa hata inchi moja, akatuma wanajeshi na magari ya deraya mpakani. Wakasimama hapo. Mechi yenyewe ilichezewa Mombasa.

Uganda haina bahari. Mafuta, mashine, karibu kila kitu kilishukia bandarini kwetu. Wafanyakazi wa bandari wakagoma kugusa mzigo wa Uganda, na Amin akarudi nyuma.

Julai hiyo hiyo moto ukawaka tena. Ndege za Israel zilizovamia Entebbe ziliongeza mafuta Nairobi, na Amin akawageukia Wakenya waliokuwa Uganda. Wengi waliuawa, wengine wakatoroka na nguo walizovaa. Hiyo ndiyo sehemu watu husahau wakisifu ujanja wa Kenyatta: hasira ya jirani haikumfikia Ikulu, ilimfikia msee aliyevuka kutafuta unga. Kenya ikakaza mfereji: unataka mafuta, lipa kwanza, tena kwa pesa zetu. Kampala ikakauka, na kufikia Agosti walikuwa mezani wanapatana.

Mbona basi hatukumfanyia Museveni hivyo 2009, wakati wa noma ya Migingo? Wengi waliuliza, wengine hata wakang'oa reli Kibera kwa hasira. Ni vile Uganda sasa ni mteja wetu mkubwa, na ukimfungia Mombasa, mzigo wake unaweza kupitia Dar es Salaam. Mfereji bado uko, lakini kuukaza kutatuuma na sisi.