Kiangazi Kina Pambo Lake

Mvua zikishakatika katika maeneo ya Mbekenyera, wilayani Ruangwa, anayetaka kupamba meza ya harusi au ofisi ya umma huona hana namna ila kununua maua ya plastiki. Nashikilia kwamba miezi hiyo ya ukame, kati ya Juni na Novemba, ndiyo yenye mali bora ya mapambo. Ua bichi kwa sehemu kubwa ni maji, na likishakatwa hupoteza maji mengi kuliko linayoweza kufyonza, ndipo likanyauka. Ganda la mbegu, shuke au bua lililokomaa limekwisha kukauka lingali shinani, na kuta zake zimejaa lignini, ile ile inayoupa mti ugumu wake. Halina tena cha kunyauka, kwa hiyo umbo lake hudumu miezi mingi.

Misitu ya miyombo ina maumbo ambayo hakuna kiwanda kilichoyabuni. Maganda ya miyombo yenyewe hupasuka kwa kishindo, yakajisokota na kurusha mbegu mbali. Tunda la mninga ni duara lenye bawa jembamba pembeni na nywele ngumu katikati. Ganda nene la mkongo likifunguka huonyesha mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu. Shambani kuna ufuta, ambao pamoja na korosho ni zao kubwa la biashara Ruangwa na Nachingwea. Ukishakung'utwa, bua hubaki na vijumba vitupu vilivyojipanga toka chini hadi juu, pambo lililokwisha kupangika lenyewe, lakini mabua mengi huishia kuchomwa moto wakati wa kusafisha shamba. Ongeza mashuke ya mtama na nyasi ndefu za kando ya njia.

Kazi yenyewe inataka kujua wakati. Nyasi hukatwa kabla mbegu hazijaanza kupukutika, kisha hufungwa vifungu vidogo na kuning'inizwa kichwa chini kivulini, penye hewa, kwa wiki mbili au tatu. Jua kali huzipausha, na zikikaushwa zimesimama shingo hupinda. Maganda yanataka kinyume chake: yaanikwe juani na kukung'utwa, kwa kuwa wadudu wanaotoboa mbegu hujificha humo. Chungu au kibuyu kijazwe mchanga ili kisipinduke, na bua refu kuliko yote lifikie mara moja na nusu ya kimo cha chombo. Maumbo mapana yakae chini, membamba yapande juu, na nafasi iachwe katikati ili kila umbo lionekane.

Wapo watakaosema plastiki hudumu zaidi na huoshwa. Ni kweli, na mahali palipo na unyevunyevu mwingi plastiki ina nafasi yake. Lakini ikishapauka haiozi, na nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2019 ina sababu ya kujiuliza kuhusu taka nyingine za namna hiyo. Bua la ufuta likichakaa hurudi shambani. Hofu ya kuumiza msitu ni nzito zaidi, maana tunda la mninga likiondoka huondoka na mbegu yake. Kwa sababu hiyo kanuni iwe kuokota maganda yaliyokwisha kumwaga mbegu, kuchukua machache ya mninga chini ya kila mti, na kutoingia msitu wa hifadhi wa kijiji bila ruhusa ya kijiji. Tahadhari mbili zisisahauliwe: pambo kavu lisikae karibu na mshumaa, na mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri zisitumike kabisa penye watoto, kwani zina sumu kali.

Pingamizi la mwisho ni kwamba vitu vikavu ni vitu vilivyokufa, havifai sherehe. Wajapani, katika sanaa yao ya ikebana, huyapa matawi makavu heshima sawa na maua kwa kuwa yanasema ni majira gani. Mashada ya misonobari ya Krismasi nayo yalianza Ulaya kwa watu kutumia kilichokuwepo nje wakati wa baridi. Mpambaji wa Ruangwa anayeiga shada hilo kwa plastiki ameiga umbo akaacha busara yake. Busara hiyo inamtaka azungumze na wakulima wa ufuta mapema, wamtengee mabua kabla ya kiberiti kuwashwa.