Anayetafuta Ndugu Ng'ambo Aanze na Mtaa

Mtu aliyezaliwa Maskati au Portsmouth, akaambiwa babu yake alitoka Ng'ambo ya Unguja, aghalabu huanza kumtafuta kwa jina, na hapo ndipo anapokwama. Watu wa Ng'ambo walijulikana kwa jina lao na la baba. Ali bin Juma walikuwa wengi, na Fatma binti Salim hawahesabiki. Waliokimbilia Oman baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na wengi zaidi waliopokelewa huko baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka Julai 1970, waliandikwa kwa nisba ya kabila ambayo huenda jirani yao wa Kikwajuni hakupata kuisikia. Mjukuu anauliza kwa nisba, mzee aliyebaki anakumbuka jina la utani. Wote wawili wana haki, lakini hawakutani. Kabila nalo halisaidii sana. Katika sensa ya 1924 watu wengi wa Unguja waliandikwa Waswahili; katika ile ya 1931 kundi hilo lilikuwa karibu limetoweka, ilhali watu walikuwa wale wale, wamejitaja kwa jina jengine. Ndiyo maana nasema kwamba anayetafuta ndugu zake waliotawanyika inampasa kwanza aujue mtaa wao, na kwamba historia ya ukoo na historia ya mtaa ni kazi moja.

Ng'ambo ilikua ng'ambo ya mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na bara ya kisiwa. Baada ya amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya kisheria ya utumwa, wengi walioachwa huru walihama mashamba wakaja kuishi hapo, wakichanganyika na Wamanyema, Wayao, Wanyasa, Wangazija, Washihiri na watu wa vijijini Unguja. Walijenga nyumba za miti na udongo, wakaezeka makuti, lakini ardhi mara nyingi haikuwa yao: ilikuwa ya matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, au ya wakfu. Mwenye nyumba alilipa kodi ya kiwanja, na ugomvi wa kodi hiyo ulifika hadi watu kugoma kulipa mwaka 1928. Kwa mtafutaji, mpango huo una faida kubwa. Nyumba moja huweza kuwa imeacha karatasi za namna mbili, za mwenye jengo na za mwenye ardhi. Zaidi ya hapo, hati za mauzo na za wakfu kwa desturi hutaja mipaka minne: kaskazini nyumba ya fulani, kusini njia, mashariki nyumba ya fulani mwengine. Mtu asiyeonekana popote kwa shughuli zake mwenyewe huweza kuonekana kama mpaka wa nyumba ya jirani. Mahali pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa, Kilimani, na kumbukumbu za makadhi na za wakfu. Sehemu ya maandishi ya zamani ni ya herufi za Kiarabu, kwa hiyo asiyezisoma atafute mwalimu wa chuo wa kumsaidia, asiishie kwenye karatasi za Kiingereza za serikali ya kikoloni.

Lakini mtaa wenyewe nao umehama. Majina kama Kwa Haji Tumbo, Mwembetanga, Kisimamajongoo na Mlandege bado yapo midomoni, ila ardhi iliyo chini yake imebadilika. Majumba marefu ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki wakati wa Rais Karume, yalipita juu ya nyumba nyingi, na waliobomolewa walipelekwa kwengine. Anayetazama ramani ya leo hawezi kuona barabara ya zamani ya babu yake. Amuulize mzee wa familia maswali madogo: alisali msikiti gani, alisomea Kurani kwa nani, alishabikia timu gani ya mpira, alinyonya kwa nani zaidi ya mama yake. Na awaulize waliobaki Unguja pia, kwani tangazo moja la kifo redioni, likitaja jamaa wa marehemu wa Unguja, Dar es Salaam na Maskati, huweza kuunganisha matawi yaliyopoteana miaka mingi.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kipimo cha DNA kinatosha. Kinaweza kukuonyesha binamu wa mbali, kama binamu huyo naye amepimwa. Hakiwezi kukuambia kwa nini bibi yako alilelewa na jirani, wala kumtambua ndugu wa kunyonya, ambaye kwa sheria ya dini na kwa mapenzi ya watu wa Ng'ambo ni ndugu kweli. Wengine watasema kumbukumbu za wazee zina makosa. Zina makosa, na hati pia zina makosa. Zikikubaliana, una ushahidi; zikipingana, umejua pa kuchimba.

Pingamizi lililo zito ni jengine. Wapo wanaohofu kwamba kuulizia nyumba za zamani ni kudai mali iliyochukuliwa na serikali baada ya 1964, au kufichua kwamba jamaa fulani wana asili ya utumwa. Hofu hiyo ina mizizi na naiheshimu. Kwa hiyo mtafutaji aeleze waziwazi mwanzoni kwamba anatafuta watu, hatafuti viwanja, na asilitangaze jina la aliye hai bila ruhusa yake. Kuhusu utumwa, naona kunyamaza kunawaumiza zaidi wale wale tunaodhani tunawahifadhi, kwani waliojenga Ng'ambo kwa sehemu kubwa ndio hao. Kitabu cha ramani za mtaa huo, Ng'ambo Atlas, kilitoka mwaka 2019. Kilichobaki ni kuyaweka juu ya ramani hizo majina ya waliokaa humo, nyumba kwa nyumba, na baadhi ya wanaoyakumbuka leo wanaishi Maskati.