Habari ya Mawazo Mengi, na Mabibi wa Harare



Katika Kwaresima iliyopita tulipewa karatasi na watu wa afya, tukaombwa kuisoma mbele ya jamaa baada ya ibada. Tukaisoma kwa sauti kuu, neno kwa neno, kama tulivyofundishwa kusoma. Ilieleza yaliyochunguzwa na wataalamu juu ya ugonjwa uitwao sonona. Tulipokwisha, mzee mmoja akasimama kwa adabu, akauliza kama chanjo yake ni ya kuku tu, au na bata wachanjwe. Watu wakacheka, nasi tukacheka, kila mtu akaenda zake nyumbani.

Lakini nyuma ya kanisa alikuwamo mama mmoja ambaye karatasi ile yote ilikuwa habari yake. Tangu kuzikwa kwa mtoto wake hakupata usingizi, hakupika, wala hakutaka kuitikia salamu. Yeye naye alilisikia neno sonona, asijue ya kuwa ndiye anayetajwa. Tena, na hili twaona aibu kuliandika, miezi mitatu kabla ya hapo alikuja kwetu akilia, nasi tukamwambia kwamba machozi mengi ni upungufu wa imani. Tungalikumbuka habari ya nabii Elia, alipoomba afe kule nyikani: malaika hakumkemea, bali alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Habari hiyo twaifundisha watoto kila mwaka.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza, maarifa haya yanayopatikana kwa taabu na gharama nyingi, yamfikieje mtu aliyeketi nyuma ya kanisa? Basi tumepata habari ya nchi ya Zimbabwe, twapenda kuwasimulia.

Mwaka 2005 serikali ya huko iliamuru nyumba na vibanda vingi vya mijini vibomolewe, na Umoja wa Mataifa ulikadiria ya kuwa watu 700,000 walipoteza makao au riziki zao. Majonzi yalikuwa mengi, na madaktari wa magonjwa ya akili katika nchi nzima hawakufika 20. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alianza kazi mwaka 2006 katika mtaa wa Mbare, mjini Harare. Wauguzi hawakuwa na nafasi, wala vyumba havikuwapo. Alichopata ni mabibi 14 waliokuwa wakihudumia afya za watu mtaani, waitwao kwa lugha yao ambuya utano, yaani bibi wa afya, na mahali pa kuketi nje ya zahanati.

Daktari alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia kwamba hapana mtu atakayekuja, kwani ni nani atakayetaka jirani zake wamwone ameketi penye benchi la wendawazimu? Ndipo likaitwa Benchi la Urafiki. Hata jina la ugonjwa hawakulitoa vitabuni. Washona wana neno lao, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. (Kwa Kishona kufunga ni kuwaza, msomaji asidhani ya kuwa watu wale walizidisha saumu.) Kazi ya kwanza ya bibi na mgonjwa wake iliitwa kuvhura pfungwa, yaani kufungua mawazo. Mgonjwa hueleza taabu zake zote, kodi ya nyumba, mume, maradhi, njaa, na bibi husikiliza. Kisha mgonjwa mwenyewe huchagua moja tu kati ya hizo, nao huitafutia njia pamoja: aende kwa nani, siku gani, aseme nini. Akirudi, huulizwa imekuwaje.

Je, yalifaa? Wachunguzi hawakutosheka na shukrani za watu. Walizigawa zahanati 24 za Harare kwa kura, sehemu mbili. Wakapata wagonjwa 573. Kila mmoja aliulizwa maswali 14, yaliyotungwa katika miaka ya 1990 kwa kuwasikiliza wagonjwa wa huko wanavyosema wenyewe: juma hili umewaza mno? umekosa usingizi? umelia? Aliyejibu ndiyo mara 9 au zaidi ndiye aliyepokewa. Wa sehemu ya kwanza walikwenda kwenye benchi, mara 6. Wa sehemu ya pili walitibiwa kama desturi, tena wakaongezewa maelezo na mafundisho juu ya ugonjwa wao. Baada ya miezi 6, katika sehemu ya pili karibu watu 50 katika kila 100 walikuwa wangali na dalili za sonona. Katika sehemu ya mabibi, kama 14. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2016 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani.

Twawasihi muitazame vema ile sehemu ya pili. Wale hawakuachwa gizani. Walielezwa na kufundishwa, na nusu yao walibaki na mzigo wao. Sisi tulipoifikia habari hiyo tuliiona karatasi yetu humo. Na hata maelezo hayo wao waliyapata kwa lugha waijuayo, wala hapana aliyeuliza habari ya kuku.

Kazi ya mabenchi imekwisha kufika Malawi, hata Unguja. Lakini mtu asiseme, basi kila bibi mwenye kigoda ni daktari. Mabibi wale walifundishwa kwanza, wakasimamiwa, na mgonjwa aliyesema ataka kujiua alipelekwa mara moja kwa walio juu yao. Kuketi na kusikiliza bila kujua mpaka wako ni hatari, nasi tumekwisha kutenda madhara ya kutosha kwa kusema.

Yule mama tulimwendea nyumbani, tukamwomba radhi. Hakujibu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, mawazo yamenielemea, hata maji ya kunywa nayaona mazito." Shemeji yake alifuatana naye hospitali, na sasa huenda kila mwezi. Siku nyingine hupika, siku nyingine hapiki.

Ile karatasi tumeiandika upya. Badala ya sonona tumeweka kuelemewa na mawazo, na chini yake tumeandika siku ambazo mganga wa hospitali huwapokea wenye shida hiyo. Kabla ya kuisoma kanisani tulimpelekea yule mzee aliyeuliza habari ya bata. Aliisoma mara mbili, akaomba kalamu, akafuta maneno mengine matatu.