Pikipiki isiyo na mnyororo: Fikiri kabla ya kumpa fundi msumeno

Pikipiki nyingi unazopishana nazo barabarani huendeshwa kwa mnyororo. Unauona ukizunguka kando ya gurudumu la nyuma, umejaa grisi na vumbi. Mwenye pikipiki asiporidhika na jinsi inavyovuta, huenda kwa fundi, akabadilishiwa sproketi na kurejea nyumbani siku iyo hiyo.

Lakini ziko pikipiki ambazo hutauona mnyororo hata uziiname na kuchungulia. Hizi hutumia shafti, yaani chuma kirefu kilichofichwa ndani ya bomba, kinachopeleka nguvu za injini hadi kwenye gurudumu kama ilivyo katika lori.

Huenda wewe, msomaji, umeachiwa moja ya aina hiyo na mzazi, au mwanao amenunua kuukuu na sasa ana hamu ya kuibadilisha sehemu ya nyuma. Anataka iwe ndefu zaidi, iinuke zaidi, au iende kasi zaidi. Hamu hiyo si kosa. Hata hivyo, ni vyema ufahamu kinachoshikilia gurudumu hilo kabla ya mtu wa nyumbani kwako kuketi juu yake.

KINACHOTENDEKA HUKO NYUMA

Mfano mzuri ni pikipiki za BMW za Ujerumani, zile ambazo silinda zake mbili zimechomoza ubavuni kama masikio. Kampuni hiyo ilianza kutumia shafti katika pikipiki yake ya R32 mwaka 1923, na haijaiacha katika jamii hiyo ya injini tangu wakati huo.

Mwishoni mwa shafti kuna gia ndogo iitwayo pinioni, nayo huzungusha gia kubwa, krauni, iliyoungana na gurudumu. Gia hizi mbili hukaa ndani ya sanduku lenye oili. Mafundi wengi huliita difu, ijapokuwa halina ile kazi ya difu ya gari ya kugawa mwendo kati ya magurudumu mawili.

Sasa sikiliza kwa makini. Unapovuta moto, pinioni hujaribu kuipanda krauni. Nguvu hiyo husukuma mkono unaoshika gurudumu, na matokeo yake ni kwamba mgongo wa pikipiki huinuka. Ukiachilia moto kwa ghafla, mgongo hudidimia. Kwa hivyo mtu aliyezoea mnyororo akiingia kwenye kona kwa kasi, akashtuka na kuachilia moto, huiona pikipiki ikishuka chini yake wakati ule ule ambapo alihitaji nafasi ya kulala. Vyuma vya chini vinaweza kugusa lami na kuliinua gurudumu. Shafti haina ubaya. Ina tabia yake, na yampasa mwendeshaji aijue.

WENYE KIWANDA WALIFANYAJE?

Wenye kiwanda wenyewe wamebadilisha sehemu hiyo mara kadhaa. Mwaka 1973 BMW iliurefusha mkono wa nyuma wa pikipiki zake za wakati huo, kama vile R75/5, kwa milimita 50 hivi ili zitulie zaidi barabarani. Mwaka 1980 ilikuja R80G/S, ambayo gurudumu lake la nyuma lilishikwa na mkono mmoja tu, upande wa kulia. Wapo waliodhani mkono huo ungevunjika. Mwaka 1981 Hubert Auriol alishinda mbio za Paris hadi Dakar kwa pikipiki ya BMW ya mtindo huo, na watu wakanyamaza.

Kisha mwaka 1987 ukaja mtindo uitwao Paralever. Shafti ilipewa viungo viwili vya kujipinda badala ya kimoja, na chuma kingine kikafungwa kuzuia sanduku la gia lisigeuke. Kule kuinuka na kudidimia kukapungua sana.

Funzo lililopo hapa ni kwamba kila walipobadilisha kitu kimoja, walibadilisha na vingine vinavyokitegemea. Waliporefusha mkono, shafti nayo ilirefushwa.

HESABU YA GIA

Badiliko linalotamaniwa sana ni la gia za nyuma. R80G/S ilitoka na krauni ya meno 37 na pinioni ya meno 11. Maana yake ni kuwa shafti huzunguka mara 3.36 gurudumu likizunguka mara moja. R100S, pikipiki ya kasi, ilikuwa na meno 32 kwa 11, yaani mara 2.91. Ukiihamishia R80G/S gia hizo za R100S, mwendo ambao injini ilikuwa ikizunguka mara 4,000 kwa dakika utaupata kwa mizunguko karibu 3,460. Injini itapumua, na safari ya Mombasa itakuwa tulivu.

Lakini hakuna cha bure. Nguvu inayofika kwenye tairi hupungua kwa zaidi ya asilimia 13. Tukumbuke kuwa Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini tayari imepoteza sehemu ya nguvu zake. Mpakie mtu nyuma, ongeza na mzigo, kisha jaribu kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru. Hapo ndipo utakapoikumbuka gia uliyoiuza.

Liko na jambo la hatari zaidi. Katika pikipiki hizi, waya wa mita ya kasi hutoka kwenye giaboksi, kabla ya shafti. Mita haina habari kwamba umebadilisha gia za nyuma. Ikikuonyesha kilomita 50 kwa saa, wewe uko karibu 58. Ikikuonyesha 80, umepita 92. Utakapofunga breki, mita haitakusaidia. Basi anayebadilisha gia hana budi kubadilisha au kurekebishiwa mita pia.

KUKATA NA KUCHOMELEA

Wengine hutaka mkono wa nyuma ukatwe na kuchomelewa kipande. Mafundi wetu wa jua kali ni hodari, lakini mkono huu si bomba la kawaida. Katika BMW za kabla ya Paralever, shafti huzunguka ndani yake ikioga oili. Ukipinda kidogo tu kwa joto la kuchomelea, beringi huumia, sili huvuja na tairi hukaa upande. Oili ikimwagika kwenye tairi la nyuma, wajua yatakayofuata.

Wanaofunga springi ndefu ili mgongo uinuke nao wajue kwamba shafti hupinda zaidi kwenye kiungo chake. Kadiri pembe inavyokuwa kubwa, ndivyo kiungo kinavyochakaa haraka.

MUULIZE FUNDI

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, muulize fundi maswali haya. Je, krauni na pinioni anazokuletea zilitoka pamoja? Gia hizi hulinganishwa mbili mbili, na kuchanganya za pikipiki tofauti ni kununua kelele. Je, ana kifaa cha kupima nafasi kati ya meno, ambayo huhesabiwa kwa sehemu za mia za milimita? Atatumia mkono mzima uliotoka kiwandani, au atakata? Na mita ya kasi ataifanyaje?

Akijibu kwa kicheko, chukua pikipiki yako uende. Akijibu vyema, bado iulize kampuni yako ya bima kama italitambua badiliko hilo.

Kazi ikiisha, iendeshe peke yako kwanza, polepole, siku kadhaa. Shika sehemu ya juu na ya chini ya gurudumu, uvute na kusukuma, likicheza, usisafiri. Mwaga oili ya kwanza uiangalie. Ukiona vipande vya chuma vinang'aa ndani yake, rudi kwa fundi. Haraka haraka haina baraka, na abiria wa nyuma hana usukani.