Kumzuia Nyota Si Kumvunja Mguu

Wiki iliyopita hamkuiona safu hii. Nilikuwa bara, Embu na Meru, nimetumwa na dada yangu kwa shughuli ambayo si ya kawaida kwa mtu wa umri wangu: kwenda kutazama mpira kisha nirudi nitoe hukumu.

Mtoto wake anasoma chuo kule Embu. Ni kiungo mshambuliaji, jezi namba 10, mwepesi wa miguu, na akiupata mpira huwaoni mabeki ila migongo yao. Tangu akicheza pekupeku kwenye mchanga wa Likoni watu walikuwa wakisimama kumtazama. Mwaka jana, katika mechi moja ya vyuo, kocha wa timu pinzani alisimama kando ya mstari akawapigia kelele vijana wake: "Mtulizeni huyo!" Dakika chache baadaye akatulizwa kweli. Njumu ilitua kwenye goti lake hali mpira uko hatua mbili mbele. Alikaa miezi mitano bila kucheza, na dada yangu akaapa kwamba mwanawe hatovaa tena njumu.

Kijana amepona, alhamdulillah, na akaniomba nimtetee kwa mamake. Nikamwambia, "Mjomba wako hatetei asichokiona. Nitakuja nitazame kwanza."

Basi nikapanda basi la usiku hadi Nairobi, na asubuhi matatu ya Embu kupitia Thika na mashamba ya mpunga ya Mwea. Ijumaa niliswali msikiti wa mjini Embu, na wazee wa pale wakanipokea vizuri, ingawa mmoja alinitania kuhusu muguka. Hawajasahau kwamba mwaka 2024 Kaunti ya Mombasa ilipiga marufuku zao lao. Nikamwambia mimi nimekuja kwa habari ya mpira, hilo tuwaachie magavana.

Jumamosi alfajiri tuliondoka na timu kwenda Meru. Njia ile inauzunguka Mlima Kenya kwa upande wa mashariki: Runyenjes, Chuka, Nkubu, kona juu ya kona na mito ya maji baridi chini ya madaraja. Meru wanaupenda mpira. Uwanja wao wa Kinoru ulikuwa kwenye orodha ya viwanja vya CHAN ya 2018, kabla ya CAF kuipokonya Kenya mashindano yale Septemba 2017 na kuyapeleka Morocco. Mechi yetu lakini haikuwa Kinoru. Ilikuwa ya kirafiki, kwenye kiwanja cha nyasi chenye mteremko kidogo, na ng'ombe wawili nyuma ya goli.

Tuliswali adhuhuri kando ya uwanja, mimi na kijana wangu, na saa tisa refa akapuliza kipenga. Nakiri kwamba nilikuwa nikitazama magoti tu.

Baada ya dakika 10 nikaanza kuona jambo. Kila namba 10 wetu alipopata mpira, kijana mwembamba wa Meru, jezi namba 6, alimjia mbio, kisha akiwa hatua mbili mbele yake anapunguza mwendo. Hajirushi wala hanyooshi mguu. Anasimama kiubavu, magoti yameinama kidogo, akiurudi nyuma polepole, macho kwenye mpira. Alijiweka upande wa mguu wa kulia wa kijana wetu, ambao ndio mguu wake wa dhahabu, akamwachia njia moja tu: kushoto, kuelekea mstari wa pembeni. Na kule kushoto, hatua tano nyuma, alikuwapo beki mwingine anasubiri.

Kijana wetu alipiga chenga, akampita wa kwanza, akamkuta wa pili. Akarudi nyuma, wa kwanza amekwisha kurejea. Dakika ya 31 akapokonywa mpira akiwa katika harakati hizo, na Meru wakakimbia nao moja kwa moja wakafunga. Mapumziko, 1-0. Hakuchezewa rafu hata moja ya maana. Alikuja kwangu amekasirika: "Mjomba, wamenifunga bila kamba."

Mechi ilipokwisha nilimfuata kocha wa Meru, mwalimu wa makamo mwenye sauti ya upole. Aliiona kofia yangu akasema, "Karibu, ustadh." Nikamweleza goti la mwaka jana na nikamuuliza amewafundisha nini vijana wake. Akakusanya vizibo vya soda, akavipanga juu ya benchi, akanieleza kama anayefundisha darasa la kwanza. Mimi diploma yangu ni ya ugavi, si ya ukocha, lakini somo lilinikaa. Nitaligawa mafungu manne.

La kwanza, usiukimbilie mpira, ifunge njia. Mwenye kasi anapenda sana mtu anayejirusha, kwa sababu mtu aliyejirusha hawezi kugeuka. Anayesubiri ndiye anayemsumbua. Mlazimishe aamue yeye kwanza, na mwelekeze pembeni, kwa kuwa mstari wa pembeni ni beki asiyechoka na asiyepigwa chenga.

La pili, wawe wawili, lakini kila mmoja na kazi yake. Mmoja anamkabili na kumchelewesha, mwingine anakaa nyuma kumfunika mwenzake. Wakimrukia wote kwa pamoja, chenga moja inawatoa wote wawili.

La tatu, kata maji kwenye bomba kuu. Nyota asiyepata mpira ni mtazamaji kama sisi. Basi mshambuliaji wa Meru alipewa kazi ya kumziba yule kiungo wetu anayempelekea pasi. Nilipotazama nyuma nikakumbuka: kipindi cha kwanza kijana wetu alikuwa akirudi hadi karibu na mabeki wake kuutafuta mpira, na kule nyuma hata nyota ni mtu wa kawaida.

La nne, timu yako inaposhambulia, mtu mmoja abaki karibu naye. Nyota wa mbio huua pale mpira unapopotea na watu wote wako mbele.

"Na ubaya wa mpango huu?" nikamuuliza. Akacheka. "Ubaya wake umeuona kipindi cha pili."

Kweli niliuona. Ukiweka watu wawili kwa mtu mmoja, kuna mtu mahali fulani hana wa kumwangalia. Wakati wa mapumziko kocha wetu alimwambia kijana, "Wewe leo si mchinjaji, wewe ni chambo." Kipindi cha pili akaacha kukaa na mpira. Anaupokea, anawavuta wawili kwake, anauachia mapema. Dakika ya 78 aliwavuta mpaka karibu na kibendera cha kona, akampenyezea pasi winga aliyesahaulika, krosi, kichwa, 1-1. Mpira ukaisha hivyo. Namba 6 wa Meru alimfuata kijana wetu akampa mkono, wakabadilishana jezi.

Tukirudi Embu usiku, mwanafunzi mmoja ndani ya basi aliyetusikia tukibishana akanionyesha video kwenye simu yake. Ni ule mpira wa Marekani, wa kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Timu hupewa majaribio manne ya kusonga yadi 10, na kila jaribio linaanzia kwa mchezaji mmoja anayeitwa kwotabeki: ndiye anayepokea mpira na kuamua kuurusha, kumpa mwenzake, au kukimbia nao. Zamani wengi walikuwa warushaji waliosimama. Akipatikana mwenye mkono wa kurusha na miguu ya swala, ulinzi wote unachanganyikiwa.

Mmoja wao alikuwa Lamar Jackson wa Chuo Kikuu cha Louisville. Mwaka 2016, akiwa na miaka 19 tu, alikuwa akizichanachana timu za vyuo atakavyo. Tarehe 17 Novemba mwaka huo akakutana na Chuo Kikuu cha Houston. Walimwangusha nyuma ya mstari wake mara 11, Houston wakashinda 36-10.

Njia inayofundishwa kule kwa kumzuia mtu wa aina hiyo ni ndugu ya vizibo vya soda vya yule mwalimu wa Meru. Walinzi wa pembeni hawaruhusiwi kukimbia wakampita, kwani wakimpita wamemfungulia mlango. Wanambana taratibu kama watu wanaokokota juya, kila mmoja akishika upande wake wa wavu. Walinzi wa katikati wanaziba mianya badala ya kila mmoja kutafuta sifa yake. Mlinzi mmoja hupewa kazi ya kuwa kivuli: yeye akienda kulia, nawe kulia, akisimama, nawe simama. Na walinzi wa nyuma huwekwa wakae maeneo yao huku nyuso zao zikimwelekea, kwa sababu anayemkimbiza mshambuliaji amempa mgongo mwenye mpira, na hatomwona anapochomoka. Gharama ni ileile: yule kivuli ni mtu mmoja uliyempunguza kwingine. Hata Mkenya mwenzetu Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyejiunga na Indianapolis Colts mwaka 2013, alipangwa upande wa ulinzi, ambako kazi ndiyo hiyo ya kufunga njia na kuangusha.

Na ushahidi wa nyumbani tunao. Tarehe 1 Julai 2019 jijini Cairo, Harambee Stars waliwakabili Senegal wa Sadio Mané. Patrick Matasi aliipangua penalti ya Mané, na kipindi cha kwanza kikaisha 0-0. Ismaila Sarr alipofunga kipindi cha pili, mambo yakageuka, Mané akafunga mawili, moja kwa penalti, tukalala 3-0. Ulinzi wa aina hii unataka subira ya dakika 90. Dakika 60 hazitoshi.

Tarehe 25 Machi 2021, Kasarani, alikuja Mohamed Salah na Misri yake. Misri walifunga mapema kabisa, lakini kupitia Magdy Afsha. Salah mwenyewe alicheza na akaondoka bila bao. Na nani alisawazisha? Abdalla Hassan, kijana wa Bandari yetu hapa Mombasa. Mechi ikaisha 1-1, na Salah akarudi kwake na miguu yake miwili mizima.

Hilo la miguu ndilo lililonipeleka bara. Kandanda ina historia chungu. Katika Kombe la Dunia la 1966 kule Uingereza, Pelé alipigwa mateke na Bulgaria, kisha na Ureno, mpaka akawa anachechemea, na Brazil wakatoka hatua ya makundi. Kadi za njano na nyekundu zilianza kutumika Kombe la Dunia lililofuata, Mexico 1970. Dunia imekwenda miaka yote hiyo, na bado kwenye viwanja vyetu, vya bara na vya hapa Pwani, utamsikia mtu mzima akimwambia mtoto wa watu "mtulize huyo". Anajua wazi kinachomaanishwa, na mtoto naye anajua.

Mimi nasema, kocha anayetoa amri hiyo anakiri mbele ya hadhara kwamba hana la kufundisha. Kumfundisha kijana kusimama kiubavu, kusubiri, kumfunika mwenzake, kunataka wiki nyingi za mazoezi. Kumfundisha kupiga goti hakutaki hata siku moja. Na kijana anayefundishwa kuumiza naye anaibiwa, kwani akifika kwenye timu yenye refa mkali hatokuwa na ufundi wowote mkononi. Yule namba 6 wa Meru anaweza kucheza popote.

Kwa hivyo nawaomba wanaoandaa mashindano yetu ya mitaani, hasa haya ya Ramadhani na ya likizo: msikae mkihesabu mabao peke yake. Mwambieni refa aitoe kadi mapema, kwenye rafu ya kwanza ya makusudi, asingoje ya tatu. Na kocha akisikika akitoa amri ya kuumiza, atolewe yeye, asitolewe mtoto aliyemtii.

Jumapili usiku nilifika Mombasa, Jumatatu nikaenda kwa dada. Alinitilia kahawa, akakaa, akaningoja. Nikamwambia ukweli: siwezi kumwapia kwamba mwanawe hatoumia tena, hilo liko kwa Mola. Lakini nimeona timu nzima ikimzuia kwa dakika 90 bila kumgusa goti, na nimemwona yeye akijifunza kuachia mpira mapema, na hiyo ndiyo kinga yake kubwa, maana asiye na mpira mguuni hapigwi njumu.

Dada alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Na huyo wa Meru, wa namba 6, ana mama?"

Nikamwambia bila shaka anaye.

"Basi ukienda tena," akasema, "umpelekee halua."