Utenzi, nyimbo za dini na taa: Nguvu ya mzazi anayekesha na mtoto

Mtoto anapopata homa saa nane usiku, nyumba nzima hubadilika. Dawa imeshatolewa, nguo nzito zimevuliwa, na kilichobaki ni kukaa kando ya kitanda na kusubiri kukuche. Ni katika saa hizo mama ambaye hata ibadani haendi sana hujikuta akiimba pambio la utotoni, au baba akavuta kasida aliyoizoea madrasa, kwa sauti ya chini isiyowaamsha wengine.

Wengi huona hayo ni mazoea tu. Lakini ukifuatilia zilikotoka tungo tunazozikimbilia usiku, nyingi zilitoka kwa watu waliokuwa wagonjwa au waliofiwa, na baadhi ziliandikwa na mzazi kwa ajili ya mtoto wake. Hazikutungiwa jukwaa.

Mfano wa karibu ni Mwana Kupona binti Mshamu, mwanamke wa Pate katika visiwa vya Lamu, pwani ya Kenya, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Mwaka 1858, akiwa ameugua kwa muda mrefu, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi ambao hadi leo husomwa shuleni na vyuoni.

Anaanza kwa kumwita binti asogee, achukue wino na karatasi. Ni jambo dogo, lakini mzazi aliyewahi kulazwa wodini atalielewa haraka. Mgonjwa anayehofia kwamba hatapata muda hatafuti hadhara ya kuhutubia. Anachotaka kwanza ni mtoto akae karibu.

Yanafuata mafunzo ya dini, adabu, usafi wa nyumba na maisha ya ndoa. Sehemu ya utii kwa mume huzusha mjadala mkali kila inaposomwa darasani, na mabinti wa leo wana haki ya kuijadili. Bahati mbaya mjadala huo hufunika sehemu inayokuja baadaye, pale mama anapoacha kuzungumza na binti na kumgeukia Mungu. Anawaombea watoto wake na jamaa zake, kisha anajiombea mwenyewe afya. Wosia unageuka kuwa dua. Hajifanyi jasiri mbele ya mwanawe. Anaugua, anaogopa, na anaomba kupona. Jina lake lenyewe limebeba neno hilo.

Katika karne ya 20, Shaaban Robert wa Tanga naye aliwaandikia wanawe tenzi za wosia, na kifo cha mkewe Amina akakitungia shairi.

Pumzi na mizani

Kuna sababu ya kimwili inayofanya maneno ya namna hii yamtulize anayeyatamka. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa Luciano Bernardi wa Italia na wenzake, waliowapima watu wazima 23 wenye afya wakisali rozari kwa Kilatini, na pia wakirudiarudia maneno ya sala ya Kihindi. Katika hali zote mbili pumzi ilishuka hadi kama mara sita kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyetulia kwa kawaida hupumua mara 12 hadi 20. Mapigo ya moyo na shinikizo la damu navyo vilianza kwenda kwa mwendo mmoja na pumzi.

Ni utafiti mdogo, na hakuna aliyepimwa akighani utenzi. Hata hivyo, anayeujua utenzi ataona ukaribu. Kila mshororo una mizani nane tu, ubeti una mishororo minne, na kina cha mwisho hurudi kilekile kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Anayeghani hulazimika kutoa pumzi polepole, kutua, kisha kuvuta tena. Dhikri na kiitikio cha tenzi za kanisani humfanyisha mtu kazi hiyohiyo bila yeye kujua.

Kwa mtoto, sauti ya mzazi ina uzito wake. Utafiti mwingine, ulioongozwa na Joanne Loewy wa New York na kuchapishwa mwaka 2013 katika jarida la Pediatrics, ulihusisha watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati katika hospitali 11 za Marekani. Wazazi waliombwa kuchagua wimbo wenye maana kwa familia yao, ukaimbwa taratibu kama bembelezi. Mapigo ya moyo ya watoto yalitulia, na hofu ya wazazi ikapungua.

Wimbo huo uliimbwa hapohapo, kwa sauti laini. Spika kubwa sebuleni inayopiga kwaya usiku kucha ni habari nyingine, na mtoto mchanga haihitaji. Wala mzazi asijali kama hana sauti nzuri. Mtoto ameanza kuisikia sauti ya mama tangu tumboni, na hana nyingine ya kuilinganisha nayo.

Baada ya msiba

Usiku wa homa hupita. Mgumu zaidi ni ule wa nyumba iliyopoteza mtoto, na hapo wimbo wa dini unaweza kusaidia au kuumiza, kutegemea nani anauimba na kwa nini.

Wanaotumia kitabu cha Tenzi za Rohoni wanaufahamu wimbo wa Salama Rohoni. Mtunzi wa maneno yake, Horatio Spafford, alikuwa mwanasheria wa Chicago. Novemba 22, 1873, meli ya Ville du Havre iligongana na meli nyingine katika bahari ya Atlantiki na kuzama kwa dakika chache. Watu 226 walikufa, wakiwamo mabinti zake wanne. Mkewe Anna aliokolewa, akampelekea simu ya maandishi kumjulisha kuwa amepona peke yake. Maneno ya wimbo yalitokana na msiba huo, na Philip Bliss akayatungia muziki uliochapishwa mwaka 1876 na kupewa jina la meli iliyozama.

Kinachosahaulika ni kwamba mambo hayakuishia hapo. Wawili hao walipata watoto wengine, na mwaka 1880 wakamzika mtoto wao wa kiume akiwa bado mdogo. Wimbo haukuwakinga na msiba wa pili. Mwaka uliofuata waliondoka Marekani wakahamia Jerusalem.

Hili ni muhimu kwa wanaokwenda kuhani. Yapo matanga ambayo mama aliyefiwa hunyamazishwa kwa wimbo: asilie, aimbe, kulia ni kukosa imani. Spafford aliandika maneno yake mwenyewe, kwa wakati wake. Hakulazimishwa na jirani aliyemshika bega. Mzazi aliyefiwa aachiwe alie, na akitaka kuimba, waliopo wamwitikie.

Mwanga unaotosha

Mwanga nao umo katika ibada karibu zote tunazozijua. Waislamu wana Sura ya Nur, yenye aya inayoeleza nuru ya Mungu kwa mfano wa taa. Kwa Wakatoliki, mkesha wa Pasaka huanza gizani, ukawashwa mshumaa mmoja, na kutoka huo mishumaa ya waumini wote. Familia za Kihindu hupanga taa ndogo mlangoni usiku wa Diwali. Mtoto ambaye hawezi kufuata mahubiri ya nusu saa huelewa mara moja moto mmoja unapowasha mwingine bila wenyewe kupungua.

Kasisi Mwingereza John Henry Newman aliugua homa kali akiwa Sicily mwaka 1833, kiasi kwamba waliokuwa naye walidhani atakufa. Akiwa melini kurudi kwao, Juni mwaka huo, alitunga shairi la kuomba nuru ambalo baadaye likawa wimbo maarufu wa kanisani. Humo haombi kuona mbali. Anaridhika na mwanga wa pale alipo. Mzazi mwenye mtoto wa selimundu, asiyejua kama wiki ijayo itakuwa ya shule au ya wodini, hahitaji kuelezwa shairi hilo.

Nyumbani, mwanga una kanuni zake. Mtoto mchanga huzaliwa bila saa ya mwili iliyokamilika. Hujengeka katika miezi ya mwanzo, ikisaidiwa na tofauti ya usiku na mchana. Kwa hiyo usiku taa iwe hafifu, na asubuhi pazia lifunguliwe. Simu iliyowaka mbele ya macho ya mama anayenyonyesha huchelewesha melatonini, homoni ya usingizi, na mama hubaki macho hata baada ya mtoto kulala. Anayesoma zaburi au uradi simuni apunguze mwangaza, au asome yale anayoyajua kwa moyo.

Mshumaa wa sala usiachwe ukiwaka karibu na chandarua, wala mzazi asisinzie nao ukiwaka. Kibatari kisiwekwe chumba cha mtoto. Moshi wake ni adui wa mapafu madogo.

Na dua isicheleweshe safari ya hospitali. Mtoto aliyeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, iwe usiku wa manane. Kichanga cha chini ya miezi miwili mwenye homa naye asisubiri asubuhi. Nyimbo zitaimbwa njiani.

Vivyo hivyo kwa mama aliyejifungua ambaye huzuni imepita wiki mbili, hana hamu na mtoto, au anawaza kujidhuru. Huo ni ugonjwa unaotibika, na kuambiwa azidishe sala bila kupelekwa kwa mtaalamu ni kumwacha peke yake. Wanaosali naye wanaweza kumsindikiza kliniki na kumshikia mtoto akiwa ndani na daktari.

Kwa familia ambazo bibi bado yupo, simu ileile inayoharibu usingizi inaweza kufanya kazi nyingine mchana. Tenzi nyingi za nyumbani, za Kikristo na za Kiislamu, hazimo katika kitabu chochote; zimo vinywani mwa wazee. Mjukuu aketi naye, awashe kinasa sauti, amwombe aimbe ule aliomwimbia mama yake alipokuwa na surua.