Je, Wajua? Makofi Nane Chini ya Mwembe

Je, wajua kwamba mtoto anaweza kuhesabu mizani kabla hajajua kusoma? Mwambie, "Miembe yetu Tabora." Pigeni makofi pamoja, kofi moja kwa kila silabi: mi-e-mbe-ye-tu-Ta-bo-ra. Makofi 8! Huo ni mshororo kamili wa utenzi. Sasa mwachie atafute kina. Akikujibu, "Kivuli chake ni bora," hesabuni tena: 8 vilevile. Mpe embe, amelistahili.

Je, wajua kwamba njia ya misafara, Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, ilitembewa kwa nyimbo? Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia na bendera, akaanzisha. Wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi, wakaitikia. Na mtoto mfundishe hivyo hivyo: wewe soma mishororo mitatu, yeye adake kituo, mshororo wa mwisho. Maana ya maneno magumu itamfikia baadaye. Mwendo umkae kwanza. Kumsimamisha wima kama askari akariri beti kumi ni kumuondolea utamu mapema mno.

Je, wajua kwamba wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji kwa njia hii ya misafara mwaka 1858, mwaka huohuo huko pwani mama mgonjwa, Mwana Kupona, alikuwa akimtungia binti yake utenzi? Shairi la nyumbani, la mama kwa mwanawe, na hadi leo linasomwa.

Je, wajua kwamba Saadani Kandoro, mshairi na mmoja wa waasisi wa TANU, alizaliwa Ujiji mwaka 1926? Na kwamba Mathias Mnyampala, aliyezifanya ngonjera zijulikane nchi nzima, alikuwa Mgogo wa Dodoma? Ushairi wa Kiswahili haukubaki pwani.

Je, wajua kwamba bembelezi ya Kinyamwezi haimcheleweshi mtoto kujua Kiswahili? Mwache bibi aimbe. Mtoto aliye mgongoni huusikia wimbo kwa masikio na kwa mbavu, bibi akivuta pumzi, akiyumba.

Je, wajua kwamba kitendawili ni somo la kwanza la sitiari? Mtoto hujifunza kuona kitu kimoja ndani ya kingine. "Kitendawili!" "Tega!" Mkishindwa kukitegua, mtegaji hudai mji. Kwa hiyo shindwa kwa makusudi mara mojamoja, umpe Ujiji. Akikataa, mwongeze Tabora.